Jumamosi Niliyopiga Kufuli

Sogea hapa, mjukuu wangu, maana nikiikumbuka Jumamosi ile siwezi kunyamaza, hata kukaa kitini siwezi.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, hapa hapa Katindiuka, mimi mama kijana mwenye mtoto mmoja mgongoni na kiburi tele kichwani. Pasaka ilikuwa imepita majuma mawili. Babu yenu alikuwa ameangukiwa na gogo akipasua mbao, mguu umevunjika, amelazwa hospitali. Alihitaji mtu wa kumpelekea uji, kumgeuza, kumfulia. Na huku shambani mpunga ndio kwanza unatia maziwa. Wewe ni mtoto wa bonde hili, unajua maana yake: kwelea kwelea. Usipokuwepo tangu alfajiri mpaka jua lizame kuamia, yaani kuwafukuza hao ndege, unakuta mabua matupu. Ekari zetu mbili zilikuwa chakula cha mwaka mzima. Nikikaa na mgonjwa, tutakufa njaa. Nikikaa na mpunga, mume wangu atashinda hajaoga wala hajala. Sasa niambie, ungefanyaje?

Mimi nilifanya ujinga. Nilimnunia Mungu. Si kidogo, nilinuna kabisa! Nilitoa rozari ukutani nikaitumbukiza kwenye mtungi mtupu, nikasema kama Yeye haniangalii, na mimi simwangalii. Na sikumwambia mtu. Wakiniuliza habari za mgonjwa nilijibu anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu, huku moyoni nimevimba.

Sasa, sala za jumuiya zilikuwa zinazunguka nyumba kwa nyumba kila Jumamosi, kama mnavyofanya mpaka leo, na Jumamosi ile zamu ilikuwa yangu. Mwenye zamu hufagia uwanja, hutandika mikeka, huweka meza ya msalaba na maua. Mimi nilipiga kufuli mlango, nikambeba mtoto, nikaenda zangu shambani kabla hawajafika. Nilitaka wakute kufuli. Nilitaka wajue kwamba nyumba ile imemalizana na mambo ya sala. Aibu yake ninayo mpaka leo.

Basi niko juu ya dungu, kile kijukwaa cha kulindia shamba, napiga debe, nawatukana ndege, mtoto analia. Nikifukuza upande huu, wanatua upande ule. Mara nasikia watu wanaimba. Jamani! Natazama, nawaona wanakuja kwa mstari juu ya tuta la jaruba la mpunga, kama watu kumi na wawili, mikeka kichwani. Mbele yao Mama Oliva, mwenyekiti wetu wa jumuiya, mtu mzima kama mama yangu, ameushika msalaba kwa mikono miwili. Nikajua wanakuja kunisuta.

Nilishuka, nikampa shikamoo nikiangalia chini. Aliitikia, akamtazama mtoto, akatazama ndege waliotanda kule mwisho wa shamba. Hapo ndipo machozi yaliponitoka, nikamweleza yote: mguu, uji, ndege, hata rozari ndani ya mtungi. Nikamwambia, "Mama, mimi sina sala tena. Nimemkasirikia Mungu."

Nilisubiri kukemewa, na kweli nilikemewa, ila si kwa lile nililolitegemea.

"Kumkasirikia Mungu kasirika tu, atakuvumilia," alisema. "Lakini kutufungia sisi mlango, nani alikuruhusu? Ulidhani Mungu atakuja kuamia ndege kwa mikono ya nani?"

Kisha akasema zamu bado ni yangu, na kwa kuwa nyumba imefungwa, tutasali hapa. Akawagawa watu pembe zote nne za shamba, akaanzisha wimbo wa Pasaka wenye aleluya nyingi, na kila mtu akapiga alichokuwa nacho, debe, sufuria, makofi. Mwanangu, ndege wale waliinuka wote kwa pamoja! Nilicheka, nikalia, nikajikuta naimba kwa sauti ambayo sikuijua. Hata Mzee Saidi, jirani yetu Mwislamu, alivuka jaruba na debe lake akasaidia mpaka mwisho.

Kabla ya kuondoka walipangana, wawili kila siku, mpaka mavuno. Mchana ule ule nikaenda hospitali. Babu yenu alikuwa amegeukia ukutani, hataki kula. Nilipomsimulia kwamba ndege wake wamefukuzwa kwa aleluya, alicheka mpaka mguu ukamuuma, akaomba uji. Tulisali pamoja jioni ile, maneno machache tu, na nilihisi nguvu ikinirudia mwilini.

Mpunga tulivuna, ingawa si wote. Mguu haukunyooka, unamwona mwenyewe anavyochechemea. Lakini tangu siku ile sijawahi kuogopa peke yangu.

Kwa hiyo nisikilize. Shida itakuja, na utamkasirikia Mungu. Mwambie, hata kwa kulia, hata kwa kununa. Ila usijifungie. Waambie wenzako unaosali nao kwamba umeshindwa, maana msaada wake mara nyingi huja na mikeka kichwani, na ukifunga mlango unaufungia huo huo. Na siku utakapomwona mwenzako hajafika sala, usimseme. Mfuate.

Mungu akubariki, mwanangu, wewe na utakaowazaa. Akulinde uingiapo na utokapo. Na siku utakapompigia kufuli, basi akufuate mpaka shambani.