Jumanne za Mzee Librado

Mzee Librado Cantú alishona nyavu za kambamiti bandarini Brownsville kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakukanyaga mashua hata moja. Manahodha walimletea nyavu zilizochanika, akazishona ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, kayapa maji mgongo. Watu walidhani anakwepa jua.

Ukweli aliniambia mimi peke yangu, jirani yake, siku nilipomsaidia kushusha jokofu. Alipokuwa na miaka tisa, wimbi la ufuko wa Boca Chica lilimchukua, likambingirisha, likamtapika mbele ya shangazi zake akiwa hana suruali. Tangu siku hiyo hata uso anaunawa kwa kitambaa.

"Ukimwambia Herminia, nakuhama," alisema.

"Utahamia wapi, mzee?"

"Wewe ndiye utakayehama."

Bi Herminia, mkewe, alikuwa na shida moja tu duniani: mumewe hakuwa amebatizwa. Kanisa letu ni dogo, halina birika la ubatizo, na tangu zamani sote tunazamishwa kule Boca Chica, kwa sababu ufuko ule hauna kiingilio. Miaka thelathini na minane Bi Herminia alifunga na kuomba Mungu aulainishe moyo mgumu wa Librado. Mzee aliona bora aitwe mwenye moyo mgumu kuliko aitwe mwoga wa maji. Mwenye moyo mgumu bado ana heshima yake.

Basi mwaka jana Bi Herminia alipotimiza miaka sabini, aliulizwa anataka zawadi gani. Hakutaja kitu. Alimtazama mumewe tu, mbele ya watoto, wajukuu na Mchungaji Eliud. Mzee alitafuna keki yake mpaka ikaisha, kisha akasema, "Sawa. Lakini iwe Jumanne. Jumapili ufuko umejaa watu, sitaki kutazamwa."

Mchungaji Eliud ni fundi wa paa, siku zake anazipanga mwenyewe. Akakubali.

Jioni ile mzee alinijia na simu yake, kwa kuwa macho yake hayasomi maandishi madogo. Karibu na Boca Chica kuna kituo cha kurushia roketi, na siku za kurusha kaunti huufunga ufuko. "Nisomee tangazo la kaunti. Ufuko unafungwa lini kwa ajili ya roketi?"

Nilimsomea: Jumanne ya tarehe kumi na nne, tangu asubuhi hadi jioni.

"Jumanne ya tarehe kumi na nne," alisema, "naona roho yangu itakuwa tayari kabisa."

Ningemkatalia, lakini mimi kukataa sikuwezi. Nikawa mkalimani wake wa matangazo.

Tarehe kumi na nne tuliondoka na magari manne. Mzee alivaa shati jeupe na suruali nyeupe, akaketi mbele kwenye gari langu, mchangamfu kama bwana harusi. Kwenye kizuizi cha barabara alisimama askari Yesenia, binti wa mtaani kwetu.

"Babu, leo hampiti. Wanarusha."

"Hata kwa jambo la Mungu, mwanangu?"

"Hata hivyo, babu."

Mzee aligeuka, akainua mikono. "Herminia, unaona mwenyewe. Mimi nimefika."

Akina mama walikuwa wamebeba sufuria mbili za tamale, unga wa mahindi uliojazwa nyama ya nguruwe. Zisingerudi nyumbani, kwa hiyo tukala palepale kando ya barabara, pamoja na wageni waliokuja na viti na kamera kuangalia roketi. Mzee alikula saba.

Jumanne ya pili alichagua tena mwenyewe, nami nilikuwa nimemsomea tangazo. Ufuko ukafungwa. Safari hiyo tulikuwa magari tisa, maana habari za tamale zilikuwa zimeenea, na wengine walikuwa Wakatoliki kabisa. Bi Herminia hakula. Aliketi garini, ameshika taulo alilolinunua kwa ajili ya mumewe. Nilimwona mzee akimwona. Alirudisha tamale yake sufuriani.

"Ya tatu itakuwa ya mwisho," aliniambia tukirudi. "Baada ya hapo nitasema Mungu hataki."

Jumanne ya tatu tulifika kwenye kizuizi, na mzee alikuwa ameshaanza kuinua mikono. Yesenia alikuwa akisikiliza redio yake. Kisha akaenda kwenye vizuizi vya plastiki, akavivuta pembeni kimoja kimoja.

"Piteni, babu. Wameahirisha. Kuna kifaa kimekataa."

Mikono ya mzee ilibaki juu.

"Kifaa gani?" aliuliza.

"Sijui, babu. Ufuko uko wazi."

"Hawawezi kukitengeneza? Sisi tunaweza kungoja."

"Bwana asifiwe," alisema Mchungaji Eliud kutoka gari la nyuma, na honi zote zikalia.

Ufukweni mzee alivua viatu taratibu, soksi moja, kisha nyingine, akazikunja kama mtu anayejiandaa kulazwa hospitali. Aliingia mpaka magotini, mchungaji kamshika bega. Hapo akasimama. Wimbi dogo likapita, naye akamshika mchungaji kiunoni kwa mikono miwili.

"Herminia," aliita. "Njoo hapa."

Bi Herminia aliingia na gauni lake.

"Mimi sina moyo mgumu. Naogopa maji. Tangu utotoni."

Bi Herminia alimtazama sana. "Miaka thelathini na minane," alisema, "namsumbua Mungu kuhusu moyo, kumbe shida ni maji kuingia puani?"

"Ndiyo."

"Ungesema ningemwomba kitu kingine, mwanamume wewe. Nilifunga mpaka nikapata vidonda vya tumbo."

"Niliona aibu."

"Na hizi Jumanne?"

Mzee alinitazama mimi. Nikatazama pelikani wakiruka.

Bi Herminia alimkamata mkono. "Mchungaji, anza, kabla sijamzamisha mwenyewe."

Mchungaji alianza, lakini wimbi halikungoja. Liliwakuta katikati ya maneno, likamfunika mzee kabla ya wakati. Aliibuka akikohoa, nywele zimemganda usoni. Sisi wa ufukweni tulijua sasa atakimbia.

"Maneno yalikuwa yameisha?" aliuliza.

"Bado," alisema mchungaji.

"Basi rudia. Sitaki ya nusunusu."

Mara ya pili alijiziba pua kwa mkono mmoja, na mkono wa pili hakumwachia mkewe. Mchungaji alipomlaza, wakaenda chini wote wawili, na wote wawili wakaibuka, Bi Herminia akitema maji na kucheka.

Kwenye gari mchungaji alifungua daftari la kanisa, akasita. Bi Herminia alikuwa ameshabatizwa tangu mwaka wa sabini na tisa. "Niandike wangapi leo?"

"Mmoja," alisema Bi Herminia, akimfuta mumewe masikio kwa lile taulo. "Mwingine alivutwa."