Nilivyompanga Shosho Wambui kwenye Foleni ya Ng'ombe

Nakumbuka vizuri Jumatatu moja ya mwezi wa tano, hapa hapa Kabazi, mimi na akili zangu timamu nilipompanga Shosho Wambui, bibi wa miaka sabini na nane, kwenye foleni ya ng'ombe. Usicheke bado, mwanangu. Ngoja nikueleze yote kwanza, halafu tucheke pamoja, maana mimi mwenyewe kila nikisimulia habari hii nashindwa kutulia kitini.

Wewe umepewa jaketi ya promota wa afya juzi, na begi la kutembelea nyumba za watu. Nami nilipewa yangu miaka mitatu iliyopita, nikiwa na miaka sitini na mmoja. Kichwa kilikuwa cheupe, lakini katika kazi ile nilikuwa kijana mbichi, na makosa niliyoyafanya yalikuwa ya ujana mtupu. Ndiyo sababu nauita ujana wangu wa pili. Ule wa kwanza niliumalizia kwa mifugo. Zaidi ya miaka thelathini nilikuwa daktari wa ng'ombe, nikichanja na kutibu kuanzia Subukia mpaka Solai, na hakuna boma ambalo sikuingia. Hata leo watu wananiita Daktari, na ng'ombe wakiniona wanatafuta pa kutokea.

Basi mwaka ule zahanati yetu ililetewa chanjo za homa ya mafua, dozi chache tu, za wazee na wale wenye pumu, sukari au kifua kibovu. Muuguzi wetu, Sista Chebet, msichana mwembamba asiyependa maneno mengi, akaniita ofisini kwake.

"Mzee, ikifika Ijumaa kama hizi dozi hazijatumika, zinarudi Nakuru. Na wa kwanza kwa orodha yangu ni Shosho Wambui. Huyo tusimkose."

Nilijua kwa nini. Julai iliyotangulia Shosho alishikwa na homa ambayo sote tuliiona ya kawaida. Siku ya nne alikuwa anahema akiwa ameketi, kulala chini hawezi. Akalazwa Nakuru wiki tatu kwa oksijeni, na daktari akamwambia mwanawe kwamba mapafu yale yakipigwa tena namna hiyo, hayana nguvu ya kurudi. Sasa baridi ya Juni ilikuwa mlangoni, na chanjo huchukua kama wiki mbili kabla ya kushika mwilini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na safari hii ukuta wenyewe ungekuwa kaburi.

Nikafikiri kama daktari wa ng'ombe. Jumatatu ni siku ya dipu. Kila mwenye ng'ombe anamleta kuogeshwa dawa ya kupe, na Shosho hakosi kumleta ng'ombe wake Rozi. Kwa hivyo watu wote niliowataka watakuwa mahali pamoja bila mimi kupanda mlima hata mmoja. Nilijiona nina akili kuliko wizara nzima. Nikamshawishi Chebet alete boksi lake la barafu kule kule dipuni.

Tulipofika mvua ikaanza kunyunyiza. Penye paa palikuwa mahali pamoja tu, napo ni ule ujia mwembamba wa mbao ambao ng'ombe hupita mmoja mmoja. Chebet nikamkalisha mwisho wa ujia na sindano zake, nami nikasimama mwanzo nikiwaita watu waingie. Mwanangu, ilinipendeza machoni. Watu kadhaa walipita wakicheka. Kisha akaja Shosho Wambui, akafika pale mwanzoni akasimama. Mazoea yana taabu. Nikamwekea kiganja mgongoni, nikamsukuma kidogo, nikasema, "Songa, songa, haya."

Akageuka polepole, akaniangalia kuanzia buti mpaka kofia.

"Njoroge, umeona pembe kwa hiki kichwa?"

Watu walicheka mpaka wakashikilia mbao. Yeye hakucheka. Alijifunga shuka lake vizuri, akachukua kamba ya Rozi, akaenda zake. Na waliokuwa nyuma yake wakaona haya kupita mahali alipopakataa mzee kama yule, wakatawanyika. Chebet alifunga boksi bila kunitazama. "Tumempoteza yule tulikuwa tunamtaka," alisema, na mimi nilitamani dipu linimeze.

Jumanne sikutoka nyumbani kwa aibu. Jumatano nikapanda kwa Shosho, lakini usidhani nilikuwa nimejifunza. Nilikwenda nimejaza kichwa maneno. Akanikaribisha, akanipa chai na viazi vitamu, nami kabla ya kuonja nikaanza kuhubiri. Nikamweleza mapafu, nikamweleza virusi, nikamwambia sindano yenyewe haiwezi kumletea homa kwa sababu kilichomo ndani hakina uhai. Yote yalikuwa kweli. Nikasema weee, mpaka chai ikaota ngozi juu.

Aliponiona nimeishiwa, akaweka kikombe chake chini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Njoroge, ng'ombe unamdunga bila kumuuliza kwa sababu hawezi kukujibu. Mimi nina mdomo. Umekaa hapa tangu chai ikiwa moto na hujaniuliza kitu hata kimoja. Hata hujui kama nimekataa. Nani alikwambia nimekataa?"

Mwanangu, yale maneno yaliniingia. Bibi yule hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angenipigia kelele. Zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nafanya kazi na wagonjwa wasiosema, nikazoea kwamba mgonjwa ni wa kushikwa tu. Nikaomba radhi kwa habari ya dipu, kisha nikauliza kwa unyenyekevu, maana kuuliza si ujinga.

"Mama, kitu gani kinakuzuia?"

"Hii mikono," akasema, akaninyooshea yote miwili. "Sindano inapigwa hapa begani, sindiyo? Mkono unauma. Sasa Rozi atakamuliwa na nani? Asubuhi na jioni, kila siku. Hakubali mtu mwingine. Nikiwa Nakuru, jirani alijaribu akapigwa teke, maziwa yakakaa ndani, kiwele kikafura. Chuchu moja ikafa. Wewe ndiye ulikuja kumdunga dawa."

Kweli nilikuwa mimi. Nilimtibu Rozi kiwele Julai ile, nikarudi nyumbani, na sikuwahi hata siku moja kuunganisha ugonjwa wa ng'ombe na kitanda cha mwenyewe Nakuru. Shosho akaendelea, na sauti yake ikapungua. "Watoto wako mbali. Huyu ng'ombe ndiye ananiamsha. Nikikosa kumkamua, sijui ninaamkia nini."

Hapo ndipo palikuwa na jambo lenyewe. Mimi nilikuwa nimebeba majibu ya maswali ambayo hakuwa nayo. Ulimi wangu ulitaka kumwambia mkono hautauma hata kidogo, nikauzuia kwa nguvu. "Mama, mkono unaweza kuuma siku moja au mbili. Wengine hata joto la mwili linapanda kidogo. Halafu yote yanaisha. Sasa, hizo siku mbili nitamkamua Rozi mimi."

Akanitazama, halafu akaanza kucheka, kicheko cha kweli, mpaka akafuta macho. "Wewe? Rozi akikuona wewe anaona sindano."

Tukasema tujaribu Alhamisi jioni. Nilifika na ndoo yangu, nimejaa moyo. Rozi alinitambua nikiwa bado langoni. Nilipoinama tu, ndoo ilipaa ikaangukia kwenye mboga za wenyewe. Nikajaribu kumwimbia, nikajaribu kumpa mashina ya mahindi, wapi. Shosho alikuwa ameketi kwenye gogo akinitazama kama anayetazama harusi. Kisha akaingia ndani, akatoka na sweta lake la kukamulia, kitambaa chake cha kichwa, na sketi yake ndefu.

"Vaa," akasema.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama mpaka nikavaa sketi. Nilitoka hapo nikinuka moshi na maziwa kama Shosho mwenyewe. Yeye akasimama karibu na kichwa cha Rozi akimnong'oneza kwa Kikuyu. Ng'ombe akanusa sweta. Akanusa tena, akashusha pumzi ndefu, akaanza kutafuna. Niliposhika chuchu, maziwa yakapiga ndoo, chwaa, chwaa, mwanangu, nilisikia mwili mzima ukisisimka. Nimetibu ng'ombe maelfu lakini sikuwahi kufurahi vile kwa lita tatu za maziwa. Watoto wa jirani walikuwa wamejaa kwenye ua wakiita wenzao waje wamwone Daktari amekuwa shosho. Niliwapungia mkono.

Ijumaa asubuhi tulishuka pamoja mpaka zahanati. Chebet alifurahi, lakini akajikaza. Akamkalisha Shosho kwenye kiti, akamuuliza kama ana joto, kama kuna dawa au chakula kinachomdhuru, na Shosho akajibu kila kitu kwa raha kwa sababu aliulizwa. Akakunja mkono wa sweta. Kabla sindano haijatoka, akainua kidole.

"Ngoja kwanza, Sista. Njoroge, wewe umechanjwa?"

Nikatazama ukutani. Chebet akakohoa kidogo. Alijua, kwa sababu mimi nina sukari, jina langu lilikuwa kwenye orodha ile ile, na tangu Jumatatu nilikuwa namkwepa nikisema nitakuja baadaye.

"Daktari wetu haogopi kudunga," Shosho akamwambia Chebet. "Sasa anaogopa nini?"

Chumba kilikuwa na watu. Ningeweza kusema nilikuwa na kazi nyingi. Lakini yule bibi alikuwa amenionyesha mikono yake miwili na kuniambia kinachomwamsha asubuhi, nami nikaona kumficha ni dhambi.

"Naogopa sindano, mama. Tangu shule ya msingi. Nikiiona ikinielekea, natafuta pa kutokea."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Watu walicheka, na mganga asiyejiganga akacheka nao, jasho likinitoka. Shosho hakunicheka. Aliniuliza kama huwa naanguka, nikasema niliwahi kuanguka mara moja. Akamwomba Chebet anilaze kwenye kitanda badala ya kunikalisha. Halafu akasema, "Nipige mimi kwanza aone. Halafu nitamshika." Akapigwa sindano huku akinieleza habari za viazi vyake. Kisha akaja kando ya kitanda, akanishika mkono kwa vile vidole vigumu vya mkamuaji, akaniuliza Rozi angependa nivae sketi ya rangi gani kesho. Nilipokuwa nafikiria jibu, Chebet alikuwa amemaliza.

Na sasa sikia haya. Jumamosi asubuhi mkono wa Shosho haukuuma hata kidogo. Ulionivimba na kuuma ulikuwa wangu. Nilipanda kwake kwa sababu ahadi ni deni, nikamkuta ameshakamua, akanipa kikombe cha maziwa ya moto na kunituma nikalale. Wiki iliyofuata hata wale waliotawanyika dipuni walimfuata Chebet, lakini dozi zilikuwa zimekwisha rudi. Wengine wakangoja mwaka mzima, na hilo bado linaniuma, kwa sababu waliondoka kwa kosa langu.

Julai homa ikazunguka Kabazi. Sitakudanganya kwamba chanjo humzuia kila mtu asiugue. Shosho ilimpata. Niliposikia nilipanda ule mlima mbio, nikiona tayari ambulensi ya Nakuru kichwani. Nikamkuta ameketi jikoni na kikombe cha uji, pua nyekundu, anakohoa. Akaniona nimesimama mlangoni, akaanza kunigombeza: namzibia mwanga, naingiza baridi, nimekuja na matope, na mbona sijala nikakonda hivi. Alinigombeza bila kuhema wala kupumzika mpaka uji ukaisha. Nilikaa chini pale pale kizingitini nikalia kwa furaha, na sioni haya kukuambia. Siku ya nne alikuwa zizini.

Mwanangu, ninachokuachia ni hiki. Ukienda kwa mtu anayesita, usimhesabu kwamba amekataa. Fika kwake, kunywa chai yake ikiwa bado moto, na umuulize kinachomzuia kabla ya kufungua mdomo kumfundisha. Ukishajua, mwambie kweli, hata ile isiyokupendeza, kwamba mkono unaweza kuuma na joto la mwili kupanda kidogo. Msaidie kwa kitu ambacho mikono yako inaweza kufanya, hata kama ni cha kuchekesha watoto. Na uwe tayari naye akuulize wewe.

Chebet ameniambia dozi zimefika tena. Ameniambia pia kwamba babu yako hakuja, na kwamba Jumapili mlipishana maneno juu ya sindano mbele ya wageni, ukatoka ukiubamiza mlango. Usijitetee, mimi nilimsukuma mtu kwa kiganja. Rudi leo. Jaketi iache hapa, begi liache hapa, uende kama mjukuu.

Mungu akulainishie ulimi na kukufungulia masikio. Ampe babu yako miaka ya kukugombeza, na akupe wewe moyo wa kukaa pale umsikilize mpaka amalize. Nenda sasa, kabla hajatoka kwenda shambani.