Simu Ililia Mara Moja Tu

Simu nilizofunga zilikuwa tatu. Nilizihesabu tena, zikabaki tatu: moja juu ya meza ya patronne, mwenye biashara, moja kwa papa comptable, mhasibu wake, na moja nyuma kwenye depo, ambako mama wa depo alikaa katikati ya mifuko ya maharage na samaki wakavu wa Vitshumbi. Patronne alikuwa na safari ya Butembo saa sita. Asubuhi, mkoba tayari begani, alikuwa ameniambia:

« Ingénieur, niende sokoni kidogo, nirudi. Nikikuta watu haiwasikilizane mu simu, unazitoa zote, unabeba, tunaachana muzuri. »

Kwangu kuachana vizuri kulikuwa kubaya. Meza yangu ya kutengeneza simu, kando ya barabara hapo Katoyi, nilikuwa nimeshamwachia fundi mwingine, nikamwambia kwa sauti kubwa kwamba mimi sasa ni mtu wa ofisi. Mtu haombi kurudishiwa meza aliyoiaga kwa hotuba.

Na kazi haikuwa ngumu kuielewa. Simu hizi za internet hazizungumzi zenyewe kwa zenyewe. Katikati kuna kompyuta inayoitwa serveur. Kila simu ikiwaka inajitambulisha kwake, namba na neno la siri, naye anaweka akilini iko wapi. Comptable akipiga namba ya depo, serveur ndiye anayeitafuta, anaiamsha, anawaunganisha. Maneno yote yanapita katika nyaya za nyumba, hayatoki nje, hakuna crédit, yaani salio la simu, inayoliwa. Jana jioni nilijipigia mwenyewe, nikakimbia, nikajiitikia. Ilifanya kazi.

Leo, mikononi mwa wenyewe, ilikataa. Skrini ya serveur ilinionyesha kila kitu: comptable anaita depo, mlio mmoja, imekatika. Depo inaita comptable, mlio mmoja, imekatika. Nikabadilisha waya. Nikazima serveur, nikawasha. Nikakagua neno la siri, nikalikagua tena, kana kwamba mtu angeweza kulibadilisha nikiwa nimelikalia. Mlio mmoja, imekatika. Shati lilinishika mgongoni, na jua halikuwa hata limefika dirishani.

Mwisho nikaenda depo, nikasimama pembeni ya simu kama askari. Ikalia mara moja, ikanyamaza. Mama wa depo hakushtuka. Aliinua mkono wa simu, akabonyeza namba za comptable, akasikiliza mlio mmoja, akarudisha mkono mahali pake taratibu.

« Mama, mbona unakata? »

« Nimemubip. »

« Umemubip? »

« Njo yee ameanza kunibip. Mutu wa bureau, na mushahara yote ile, anabip mama wa depo! Anipigie yee, crédit yake njo ikuliwe. »

Nikavuka ua mbio. Papa comptable alikuwa amekunja mikono, anaitazama simu kwa dharau.

« Ule mama ni muchoyo, » akasema. « Tangu asubui anabip tu. »

Mashine yangu ilikuwa nzima. Ila watu wawili walikuwa wakinyimana crédit ambayo haikuwepo.

« Papa, hizi ni za bure. Unaita, unangoja, anashika. »

« Bure? Mu Goma hii? » Alicheka hadi miwani ikateleza. « Bei utaileta kisha. »

Nilimwapia mara mbili. Nikarudi depo, nikamwapia na yule mama. Alikuwa hajaanza kunijibu, patronne aliponguruma getini kwamba gari iko inamungoja. Nilimfuata ofisini. Hakuketi, alipiga depo amesimama. Mlio mmoja. Wa pili. Mtu akashika.

« Allô, patronne! »

« Mifuko ya maharage imebaki ngapi? »

« Makumi mbili na tano, asante, aksanti, bye! »

Simu ikakatika. Patronne akanigeukia polepole.

« Imekatika. »

« Ni yeye amekata, mama. Mupige tena, nawaomba. »

Akapiga tena.

« We mama, juu ya nini unanikatia? »

« Niko nawachungia crédit, patronne! »

Patronne aliangua kicheko, kisha kicheko kikaisha ghafla, kama cha mtu aliyekumbuka biashara.

« Ingénieur, mashine yako iko muzuri. Watu yangu njo haiko. Bakia hapa. Nikifika Butembo nitauliza: kama wako wanaongea, unabakia fundi wangu. Kama wako wanabip, unajua. »

Akaondoka. Nikaketi uani, katikati ya mlango wa depo na wa comptable. Baada ya muda simu ya depo ikalia mara moja. Nikageukia mlango wa comptable.

Ikalia tena, haijakatwa.