Programu Isiyo na Mwenyewe

Kudra alikuwa fundi kompyuta pekee wa chama cha wafugaji wa Didia, na siku hiyo kibarua chake kilikuwa kinaota nyasi huku akitazama.

Mwenyekiti, Mzee Ngusa, hakuipenda tangu mwanzo hifadhidata ya mifugo aliyoiweka Kudra, iitwayo Postgres. Postgres ni programu huria: hailipiwi, na yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuitengeneza. Mzee alitaka ile ya kununua, aliyoileta muuzaji kutoka Mwanza, kwa sababu moja tu: ilikuwa na mtu wa kumpigia simu. Kitu kisicho na mwenyewe, aliuliza, kikiharibika utamgombeza nani?

Na kikaharibika, tena mbele ya mkutano. Kudra alikuwa anaonyesha jinsi ya kusajili ndama, programu ikagoma. Akabonyeza tena, ikagoma. Muuzaji akatabasamu kama bwana harusi. Kudra hakuwa na wa kumpigia. Alichokuwa nacho ni mwongozo mnene wa Kiingereza, na jukwaa la mtandaoni ambako watu wasiojuana husaidiana. Akaandika swali lake haraka, maana mama yake na wadogo zake kule Shinyanga mjini walikula kwa mshahara huo.

Jibu likaja wazee wakiwa bado wananong'onezana. Ngusa akaamuru lisomwe. Kudra akalitafsiri kwa aibu: "Diski imejaa. Imekuambia hapo hapo kwenye skrini. Kabla ya kuuliza, soma."

Akasoma. Ni kweli. Diski ilijaa picha. Yeye alipanga picha moja kwa kila ng'ombe, wazee wakakataa: ng'ombe ana pande mbili, na mabaka ya ubavu huu si ya ule. Kisha kila mwenye ng'ombe akataka asimame kando ya mnyama wake. Picha za Ngusa hazikuwa na idadi, na zote amevaa koti.

Kudra akazihamishia picha kwenye diski nyingine, programu ikaamka. Hakupotea hata ndama mmoja kwenye orodha, kwa kuwa programu iliona heri igome kuliko kuandika nusunusu.

"Huyo aliyekukaripia," Ngusa akauliza, "analipwa na nani?"

"Halipwi, mzee. Wako wengi, wanajitolea tu."

Uso wa mzee ukakunjuka. Watu wa namna hiyo aliwajua. Ujana wake wote alilima kwenye kikundi, wakiingia shamba la jirani kwa ngoma, na aliyelima ovyo alisemwa mpaka jioni bila mtu kuweka jembe chini.

"Sasa mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, "jasho lao tumelila. Zamu yetu ya kulima kwao ni lini?"

Kudra akakiri. Miaka yote aliuliza tu, hakuwahi kumjibu mtu. Muuzaji akafunga mkoba wake. Kudra akabakizwa kazini kwa sharti kwamba kila wiki ajibu maswali ya wengine, kwa niaba ya chama.

Zamu yake ya kwanza alikutana na mtu wa nchi ya mbali aliyekwama kwa kuwa diski yake imejaa. Kudra akaandika: "Kabla ya kuuliza, soma." Akaifuta kabla ya kuituma. Akamwelekeza taratibu mpaka akafanikiwa, kisha, kwa nia njema kabisa, akamuuliza kama na yeye anafuga ng'ombe wa kupigwa picha pande zote mbili.