Bei ya Pumba

Nilichaguliwa kuuliza maswali kwa sababu najua kila nyumba ya mtaa wetu hapa Ifakara. Si kwa elimu, maana yangu iliishia kidato cha pili. Wataalamu walitaka kujua bonde letu litapata nini na litapoteza nini kikijengwa kiwanda cha kuzalisha umeme kwa kuchoma pumba za mpunga. Majibu yetu yangeingizwa kwenye kompyuta, nayo ipige hesabu ya uchumi wa eneo lote, kutoka hapa mpaka Mngeta.

Jirani yangu ni mama anayefyatua matofali. Huyachoma kwa pumba anazochota nyuma ya mashine ya kukoboa, bure, kama wenzake wote. Mwenye mashine hufurahi zikiondoka, zinamzibia njia. Nikafika na kishikwambi, nikamuuliza nishati yake anainunua kwa kiasi gani.

"Jirani, nani ananunua pumba? Uliza maswali ya watu wazima."

Kishikwambi hakiruhusu kuacha nafasi tupu. Nikaweka sifuri, ndivyo tulivyofundishwa. Swali la kwamba zikikosekana atafanyaje halikuwepo, na mimi sikuliongeza. Labda msomi angeliongeza. Sijui.

Mwishoni mwa kiangazi wakaleta majibu ofisi ya kata. Mtaalamu alikuwa kijana mwenye adabu, aliyemwamkia kila mzee shikamoo. Akatuonyesha ukutani: ajira, umeme usiokatika, mashine zikikoboa kutwa. Sitaki kumsingizia, hayo yote hata mimi nayataka. Ila kwenye hasara, upande wa pumba, palikuwa peupe. Pumba ni taka, akasema, na sasa zitapata mnunuzi.

Jirani akanyoosha mkono, akauliza yeye atachomea nini matofali. Kijana akatazama kompyuta, akajibu kwamba kwa takwimu walizonazo nishati yake haina thamani, kwa hiyo hapotezi kitu. Mama wa watu akageuka kunitazama.

Nikasimama. Nikaeleza kwamba sifuri ile niliiandika mimi, na maana yake ni kuwa jirani hadaiwi kitu kwa pumba, si kuwa hazihitaji. Kijana akaandika. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba hesabu ni ya eneo zima, haiwezi kugeuka kwa tanuru moja. Nikamwambia wachomaji wako wengi. Akapekua, akasema wote wameandikwa sifuri. Wote niliwaandika mimi.

Kesho yake mwenye mashine akazungushia lundo la pumba waya, akaweka mlinzi. Kiwanda hakina hata shimo la msingi! Nikamwendea nimekasirika.

"Mmesema wenyewe zina mnunuzi," akanijibu. "Wewe ungeziacha?"

Nikaondoka. Nyumbani kwangu kuna magunia ya mpunga nimeyakalia, nangoja bei ipande.

Na matofali ya jirani yalishapangwa kuwa tanuru, mabichi, huku mawingu yameshuka mpaka katikati ya milima. Akaenda kumwomba mwenye mashine, akamwahidi sehemu ya matofali yakishaiva. Akapewa pumba za kutosha nusu. Akachoma nusu. Ile nyingine tuliifunika kwa nyasi na nailoni kuukuu, mvua ikaipata hivyo hivyo.

Nilimpigia simu mtaalamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nalikiri. Akasema suala langu ataliwekea maelezo mafupi chini ya ukurasa.

Asubuhi nikamkuta jirani shimoni, akikanyaga upya udongo uliokuwa matofali juzi. Nikampa habari hiyo, nikiona aibu hata kuisema.

"Huko chini ya ukurasa," akauliza bila kusimama, "kuna pumba?"

Nikasema sidhani. Akanisogezea ndoo kwa mguu, nikachote maji.