Pijo Iliyojengewa Ukuta

Salimou, mumewe Djaouharia, alikuwa na gari, Pijo 404 nyeupe aliyoachiwa kwa bei ya chee na hakimu mmoja Mfaransa aliyefunga virago wakati wa uhuru. Maharusi wote wa Mutsamudu mpaka Ouani walipandishwa humo. Na ukimsikiliza Salimou, siku ilipopiga honi bandarini, mbuzi wa Ouani walitoka mbio wakidhani mwezi wa Idi umeandama.

Hiyo ilikuwa zamani. Sasa kisiwa chao cha Nzwani kilikuwa kimejitenga na Komoro, meli zimezuiwa, simu zimekatwa, petroli inapimwa kwa chupa za soda. Kila kitu kilikwama isipokuwa bei ya Pijo.

"Nipe nyumba ya mawe, ya orofa, uichukue," Salimou aliwajibu waliouliza. Askari wa serikali kutoka Moroni, mji mkuu, waliposhuka kuwatuliza waasi wakashindwa, akaongeza roshani, maana gari limeona vita. Vikwazo vilipoanza, akaongeza kisima.

Djaouharia alichoka kucheka, kisha akachoka kukasirika. Chanzo alikijua. Kwao nyumba ni ya mwanamke: baba humjengea binti, mume huja na nguo zake, na wakiachana huondoka na hizo hizo. Miaka yote Salimou amelala kwa mkewe. Akiketi ndani ya Pijo ndipo alipojiona yuko kwake.

Lakini nyumba ya binti yao Mounia, kando ya barabara ya Ouani, ilikuwa kuta tupu bila paa. Mchumba wake, Idriss, mtoto wa Nzwani, alikuwa karani huko Moroni, na Moroni siku hizo mtu wa Nzwani alirushiwa mawe barabarani. Arudi wapi? Mama yake amekufa, na mwanamume mzima haendi kujibanza nyumbani kwa dada yake, mbele ya shemeji. Pa kurudi palikuwa kwa Mounia tu, na kwa Mounia hapajaezekwa.

Tena ndani ya nyumba hiyo ndimo ilimokuwa Pijo. Vijana wenye bunduki walipoanza kunyang'anya magari, Salimou aliificha humo, akaifunika makuti, kisha akawahimiza mafundi wainue ukuta wa mbele. Mchanga aliwasogezea mwenyewe, akichekelea jinsi gari lisivyoonekana tena. Mlango uliobaki ulikuwa wa kupita bibi harusi mmoja, tena mwembamba.

Vikwazo vilipolegea kidogo akaja Mdahoma, mfanyabiashara wa Moroni aliyeleta mabati kwa boti. Alikuwa akijiandaa kwa anda, ile harusi kubwa ya kumpa mtu cheo, na alitaka kupita mjini ndani ya Pijo nyeupe.

"Bei, Bwana Salimou?"

"Nyumba ya mawe, orofa, roshani na kisima."

"Na mke juu yake?"

"Mke ninaye."

"Leo unaye," Djaouharia alisema.

Mdahoma alizunguka gari pale ndani ya kuta, akagonga mlango, kutu ikamwagika. "Mmelijengea au mmelizika?" Kisha akashusha sauti. "Idriss analala dukani kwangu, juu ya magunia. Kasema niwaambie hajambo." Akapangusa kutu mkononi. "Jicho moja limevimba. Hilo hakusema niwaambie."

Mounia alishika ufagio akafagia pale pale alipokwisha kufagia.

"Mabati yako yanaitosha nyumba hii?" Djaouharia aliuliza.

"Yanatosha, na jiko lake."

"Yashushe, uchukue gari."

"Mama Mounia! Gari ni langu!"

"Limo katika nyumba ya nani?"

Salimou amshitaki mkewe kwa kadhi gani? Mji mzima ungemcheka. Akaingia ndani ya Pijo, akajifungia. "Basi mniuze na mimi!"

"Wewe nani atakununua, Baba Mounia?" Djaouharia alisema, wala hakutania. "Tunavunja ukuta. Shika usukani."

Ukuta ulipovunjwa, Salimou akashika usukani. Makuli wa bandarini walisukuma, lakini usukani ule ulivutia kushoto kama punda aliyeona majani, na asingekuwa Salimou, Pijo ingekwenda Moroni kwa kuogelea. Walipofika gatini alishuka, akafuta kioo cha mbele kwa kofia yake, kisha akaivaa vile vile na vumbi lake.

"Safari ijayo nakuja na Idriss," Mdahoma alisema, na Djaouharia akamwapisha kwa msahafu.

Mabati yalipandishwa kutoka gatini kwa mikono ya watu. Mume na mke walichukua bati moja, mke mbele, Salimou nyuma, wakaifuata barabara ya Ouani.

"Na ule ukuta?" Salimou aliuliza.

"Utaujenga tena."

"Mchanga umekwisha."

"Pwani haijahama."

Bati lilikuwa la moto. Djaouharia alisimama kidogo ili mumewe abadilishe mkono, kisha wakaendelea.