Bafle za Mbao na Siku ya Kuombwa Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu alipopata mchumba, binti yangu alinunua spika mpya kwa ajili ya gusaba, ile siku wakwe wanakuja kuomba msichana mbele ya ukoo. Ilikuwa ya plastiki, ina magurudumu, taa za rangi na betri ndani. Akaifungulia muziki sebuleni, hapa Kamembe. Madirisha yakatetemeka.

"Maman, hausikie utamu?"

"Nasikia tumbo linatikisika. Maneno ndiyo sijayaona."

Akacheka. Mimi sikucheka. Katika ukoo wetu, wakwe wakimaliza kuomba, neno la mwisho linatoka kwa bibi mzaa mama. Na wasemaji wa gusaba wanauliza kwa kuzunguka: mara kama mtoto ametolewa, mara kama kuna anayepinga. Ukijibu "ndiyo" mahali pabaya, umemkatalia mjukuu wako ndoa mbele ya watu. Na mimi, tangu mvua zianze, nilikuwa naitikia mambo nisiyoyasikia. Sikumwambia yeyote. Mzee akianza kuwa kiziwi, kiti chake wanakitafutia mwingine.

Nikajisemea kosa ni la plastiki. Kulikuwa na bafle mbili, spika kubwa za marehemu mume wangu, za mbao, tulizovuka nazo mpaka wa Kongo tuliporudi kutoka Bukavu. Nzito kama magunia ya mihogo. Nikazipeleka kwa fundi kwa toroli, nikitembea nyuma yake kama muntu anayepeleka mgonjwa.

Fundi akafungua moja. "Ona, Maman. Ndani ni karatasi na sumaku tu. Karatasi iko muzima. Kando yake njo imekuliwa na unyevu."

Akabandika ukingo mpya wa kitambaa, akaunganisha na ampli yake ya kukuza sauti. Redio ikaongea. Nilisikia kila neno, hata msomaji wa habari akivuta pumzi. Nikafurahi kijinga: kumbe masikio mazima! Kisha akawasha spika ya plastiki kama yetu, akaipunguzia ule mtikisiko.

"Na hii unasikia?"

"Nusu."

"Mimi nasikia yote, Maman." Akanitazama. "Ya zamani inaleta sauti ya muntu mbele. Hizi za bei rahisi zinapenda ngoma. Lakini na masikio, madaktari bayaangalie."

"Wewe shughulika na mbao. Masikio uyaache."

"Sawa. Ila ujue, umeme ukienda, hii ya zamani ni kabati tu."

Wiki ile nzima nililala vibaya.

Siku ilipofika, bafle zangu zilisimama pande mbili za hema, na mwanzoni nilikula kila neno. Msemaji wetu akawaambia wakwe kwamba hapa hakuna msichana, tunafuga mbuzi tu. Msemaji wao akajibu: "Tumeona kandambili ndogo mlangoni. Mbuzi wenu banavaa viatu pia?" Nilicheka pamoja na wengine, kwa wakati mmoja na wengine. Jambo hilo lilikuwa limenipotea kwa miezi.

Ndipo umeme ukakatika.

Binti yangu akaburuta ile ya magurudumu katikati. Taa zake za rangi zikawaka, msemaji wa wakwe akanigeukia, akaongea. Nilishika "mtoto", nikashika "sisi". Katikati ilikuwa ni mvumo tu. Watu wote wakanitazama. "Ndiyo" ilikuwa tayari mdomoni.

"Rudia," nikasema.

Akarudia kwa nguvu zaidi, na nguvu ikazidi kuharibu.

"Rudia."

Minong'ono ikaanza upande wa wakwe. Wazee wao wakasimama, wakafunga vifungo vya makoti kwa heshima, kama wanaoomba upya. Shangazi mmoja wa upande wao akaanza kuusifu ukoo wetu. Msemaji wetu akaniinamia, jasho linamtoka: "Maman, unataka waongeze nini? Niambie mimi, niwaambie." Walidhani ninawakazia! Kijana wa watu, mchumba mwenyewe, alikuwa ameinamisha kichwa. Ningeweza kuwaacha waamini hivyo, nikaongezewa heshima, lakini swali lingebaki palepale linanisubiri.

"Zima hicho kitu," nikasema. "Sisikii. Masikio yangu yamepungua. Njoo uniulize hapa, kwa mdomo."

Msemaji wa wakwe akaacha mikro ya kusemea, akaja, akapiga magoti mbele ya kiti changu.

"Maman, kuna muntu anatukatalia huyu mtoto?"

Kumbe ile "ndiyo" ya mdomoni ingemkatalia mjukuu wangu.

"Hakuna," nikasema. "Tumewapa. Simama, unachafua suruali."

Vigelegele vikapasuka ndani ya nyumba. Binti yangu akaja upande wa kushoto, akasema kitu. Nikamgeuzia sikio la kulia, linalosikia kidogo.

"Tangu lini, Maman?"

"Tangu mvua."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

Hakunigombeza. Alikaa kwenye mkeka upande wangu wa kulia, na kila msemaji alipofungua mdomo alinirudishia maneno, moja moja, mpaka wageni walipoondoka.